Msituambie Ni Uzee Tu

Sisi tunaouguza wazazi wenye ugonjwa wa kusahau tumefika mahali hatuwezi kunyamaza tena. Tuko Tabata na Temeke, tuko Tanga, Moshi, Mwanza na Mbeya, kwenye vyumba vya kupanga na kwenye nyumba za migombani. Wengi wetu ni wanawake: mabinti, wakamwana, wajukuu waliotolewa shule ili wamwangalie bibi. Wanaume wapo, ila wachache. Tunayolalamikia ni mengi, na karibu yote yanaanzia kwenye maneno ambayo tumeyasikia kwa muuguzi, kwa mchungaji, kwa shehe, kwa shangazi na kwa jirani: huo ni uzee tu, mzoeeni.

Hatukubali. Tumewaona wazee wetu wakizeeka, na hili si hilo. Mama aliyepika pilau la harusi za mtaa mzima anasimama jikoni hajui kinachotangulia chunguni, kitunguu au mchele. Baba aliyekuwa fundi cherehani anashika mkasi, anaugeuzageuza, anauliza ni wa nini. Jua likielekea kuzama anafunga furushi la nguo na kusema anakwenda kwao, naye yuko kwake, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Anaficha fedha chini ya godoro, akizikosa anapiga kelele kwamba ameibiwa, na mwizi siku zote ni yule anayemwogesha. Anamtazama binti anayemlisha uji na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, mama yako ni nani?" Binti anajibu, anamaliza kumlisha, anakwenda kulia chooni.

Hospitali tumekwenda. Tunashukuru kuna dirisha la wazee na kuna kibao ukutani kinachosema mzee apishwe apate huduma kwanza. Lakini ukishapishwa, unapishwa uende wapi? Mzee anapimwa presha, sukari na malaria. Daktari anamwuliza anaendeleaje, naye, kwa kuwa salamu na heshima ndivyo vinavyochelewa sana kupotea, anajibu vizuri kabisa, "Sijambo mwanangu, namshukuru Mungu." Daktari anatugeukia: mbona mzima? Hakuna anayemwuliza leo ni siku gani. Hakuna anayempa maneno machache ayashike kichwani na kuyarudia baada ya muda. Hakuna anayetuuliza sisi tunaolala naye chumba kimoja mambo yalianza lini na yalianzaje. Tunaondoka na vidonge vya vitamini na dawa ya kumlaza.

Wala msituambie kwamba vipimo vya ugonjwa huu ni vya nchi tajiri zenye mashine. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawapima wazee karibu 1,200 wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013: takriban 6.4 kwa kila wazee 100 walikuwa na demensia, yaani huu ugonjwa wa kusahau. Kutokana na kazi iliyofanyika hukohuko kikapatikana kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichofikiriwa kwa ajili ya mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani. Hashiki kalamu. Anaulizwa maswali, anataja wanyama anaowakumbuka, anarudia maneno aliyoambiwa, anapanga njiti za kiberiti kwa umbo alilooneshwa. Anayempima si lazima awe daktari. Hai hiyohiyo yalijaribiwa pia mazoezi ya pamoja ya kuchangamsha akili, wazee wakiketi kikundi, wakiongea, wakiimba, wakitumia mikono, na yakaonekana kuwasaidia. Sasa tunauliza: mambo yaliyofanyiwa kazi kwa wazee wetu wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe, mbona hayajafika kwenye zahanati tunazopanga foleni?

Hesabu ya Hai ndiyo tunayowarudishia wanaosema ni uzee. Kama ni uzee tu, ugonjwa huu ungewapata wote. Zaidi ya 93 kati ya kila wazee 100 waliopimwa hawakuwa nao. Uzee unamfanya mtu asahau jina la mgeni mchana, usiku likamjia akiwa kitandani. Kupotea njia ya kwenda msikiti alioswalia miaka 40 si uzee, ni maradhi, na maradhi yana mahali pake mwilini. Mwanamke ambaye kisa chake kiliufanya ugonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, ujulikane hakuwa hata kikongwe. Auguste Deter, mke wa karani wa reli, aliingizwa hospitali mjini Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Alianza kwa kumshuku mumewe, akawa anaficha vitu, akashindwa kazi za jikoni. Alipokufa mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake akaukuta umesinyaa, una mabaka ya uchafu na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zake. Kila tulichokisoma kuhusu mama yule wa Ujerumani tumekiona sebuleni kwetu. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na demensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayedai kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na aje alale kwetu usiku mmoja.

Kuna jambo linalotuchoma kuliko mengine hapa. Siyo kila mzee anayechanganyikiwa ana ugonjwa usio na dawa. Tezi ya shingo ikipungua nguvu, mtu anazubaa. Vitamini B12 ikikosekana, anasahau. Sonona inamfanya mjane aonekane amepoteza akili. Mzee akianguka bafuni, damu inaweza kuvilia taratibu chini ya fuvu, na wiki kadhaa baadaye akaanza kuropoka. Maambukizi ya mkojo, malaria, hata kukosa maji ya kunywa, vinaweza kumvuruga kichwa ndani ya siku moja au mbili. Haya yote yana tiba yakijulikana mapema. Sasa mzee aliyekuwa mzima Ijumaa, Jumapili hajui alipo, halafu mtu mwenye koti jeupe anatuambia ni umri! Mabadiliko ya ghafla ni dharura. Tumelazimika kulijua hilo sisi wenyewe, na tunaliandika hapa ili mwingine asilijue makaburini.

Na dawa za kulaza. Dukani tunapewa piritoni kama pipi, tunaambiwa itamsaidia apate usingizi. Hakuna anayetuambia kwamba dawa za mzio za kundi hilo humchanganya mzee zaidi, zikamkausha mdomo, zikambana haja ndogo. Za kutuliza wagonjwa wa akili, akipewa mtu mwenye demensia bila uangalizi, zinamwangusha na zinamwongezea hatari ya kiharusi na kifo. Mfamasia anajua. Kwa nini hasemi?

Tukitoka hospitali tunakutana na karatasi. Baba ni mstaafu, anatakiwa kuhakikiwa, alama za vidole hazisomeki kwa sababu ngozi imelainika kwa uzee, na akiulizwa jina la mke wake anataja la dada yake aliyekufa zamani. Benki wanataka saini ileile ya mwaka aliofungua akaunti. Namba ya siri aliibadilisha mwenyewe na haikumbuki. Tunaambiwa hati ya kumruhusu mtoto asimamie mambo ya mzazi inatakiwa itolewe mzazi akiwa na akili timamu. Sasa ndiyo twende mahakamani, tupate wakili, tulipe nauli, huku mgonjwa yuko nyumbani na fedha yake, ambayo ndiyo ingemnunulia nepi, imelala benki. Laiti tungeambiwa siku ya kwanza, alipoanza kusahau kidogokidogo na bado anajua anachokitaka! Hakuna aliyetuambia, kwa sababu siku ya kwanza tuliambiwa ni uzee.

Wengine hawasubiri mahakama. Wanakuja jioni na wino, wanamshika mzee kidole gumba, wanakigandamiza kwenye karatasi ya mauziano, na shamba la ukoo limekwenda. Mwenyekiti wa kitongoji amegonga muhuri. Mzee mwenyewe keshoyake anauliza nani kakata mikahawa yake. Tunataka watu hawa washitakiwe kama wezi wengine.

Nafasi kubwa ya malalamiko haya tunawapa ndugu zetu, maana wao ndio tunaowategemea na wao ndio wanaotuumiza. Tuna kundi la ukoo kwenye simu. Ukituma habari kwamba mama hakulala, zinarudi picha za mikono iliyokunjwa kwa sala na maneno "pole dada, Mungu akutie nguvu." Mungu anatutia nguvu, hatukatai. Lakini nepi za watu wazima zinauzwa dukani, na muuza duka anataka fedha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wazee, na sisi tunaliona kila mwezi. Kaka yuko mjini, ana kazi nzuri, anapiga simu Jumapili. Mama anaongea naye dakika mbili kwa furaha, anacheka, anamtaja kwa jina. Kaka anakata simu na kusema, "Mnamkuza tu, mbona mama yuko vizuri?" Wakati anasema hivyo, mama tayari anauliza ni nani aliyekuwa anaongea.

Halafu mama anafariki. Zinachangwa fedha kwa siku mbili ambazo hatukuziona mwaka mzima. Linakodiwa basi, linakodiwa turubai na viti, anachinjwa ng'ombe, zinashonwa sare. Aliyekosa godoro la kuzuia vidonda vya mgongo analazwa kwenye jeneza lenye vioo. Hatusemi watu wasizikwe kwa heshima. Tunasema robo ya michango ile ingetolewa akiwa hai, angekuwa na kitanda kikavu, na binti yake angepata mtu wa kumpokea usiku.

Maana usiku ndio unaotumaliza. Mgonjwa anaamka saa nane, anavaa viatu, anataka kwenda shamba. Unamrudisha. Anaamka tena. Asubuhi una zamu kiwandani, au una genge la nyanya la kufungua, au una watoto wa kupeleka shule. Wapo kati yetu walioacha kazi. Wapo ambao ndoa zao zimeyumba, kwa sababu mume alisema amechagua mke, hakuchagua mama mkwe. Na yapo mambo ya mila ambayo watunga sera hawayafikirii: mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe, mtoto wa kiume hawezi kumvua nguo mama yake. Basi anaitwa mjukuu wa kike, miaka 14, aache shule. Makazi ya wazee ya serikali kama Nunge kule Kigamboni au Kolandoto kule Shinyanga yapo kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mzee mwenye watoto anahesabiwa kuwa ana matunzo, hata kama watoto hao ni binti mmoja aliyechoka.

Sasa tuseme lile ambalo watu hawapendi kulisema mchana. Mzee mwenye demensia huamka usiku na kutembea. Hajui nguo ni za nini, anaweza kuzivua. Anaingia uani kwa jirani akidhani ni kwao, anajisemesha mwenyewe, ukimwuliza alikotoka hana jibu linaloeleweka. Alfajiri mtaa unajaa: mchawi ameanguka na ungo! Simu zinatolewa, anapigwa picha akiwa uchi, anamwagiwa maji, anapigwa mawe. Kanda ya Ziwa tunajua vikongwe walivyouawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe na kuni walizopikia maisha yao yote. Serikali imekuwa ikiwakamata wapiga ramli chonganishi, na iendelee. Lakini askari anafika mtu ameshapigwa. Tunaomba jambo rahisi zaidi: ukimkuta mzee amepotea usiku, ameduwaa, hana nguo, mfunike khanga, mpe maji, mkalishe, uite mwenyekiti wa mtaa. Huyo ni mama wa watu na watu wake wanamtafuta na tochi.

Waganga nao wametula. Mbuzi mweusi, kuku wa kienyeji, fedha ya kuagua, kisha jina linatajwa: shangazi yenu ndiye aliyemfunga akili. Ukoo unagawanyika kwa jambo lisilokuwepo, na mgonjwa anarudi vilevile. Hata kwenye maombezi, tunawaheshimu viongozi wetu wa dini, lakini kumpigia kelele za mapepo bibi aliyeogopa hadi anatetemeka hakumponyi. Mwombeeni kwa sauti ya chini huku mmemshika mkono. Atatulia.

Kutunza tumejifunza kwa kuambizana, mmoja akimfundisha mwenzake. Kubishana naye hakusaidii. Akisema anamsubiri mumewe aliyekwisha kufa, usimwambie kila siku kwamba mumewe amekufa, maana kila mara anaipokea taarifa hiyo kama mpya na analia upya. Mwulize alikuwa mtu wa namna gani. Atakusimulia mpaka chai ipoe. Akitaka kwenda kwao magharibi, toka naye, zungukeni nyumba, rudini ndani. Taa iwake mapema, kwa kuwa vivuli vinamtisha. Chakula, kuoga na kulala viwe na saa zake. Swali liwe moja, fupi: "utakunywa chai?" na siyo "utakula nini leo?" Mpe kazi anayoijua mkono, kuchambua mchele, kukunja khanga, kumenya ndizi, hata kama utairudia baadaye. Namba ya simu ishonwe kwenye mfuko wa kanzu au pindo la gauni. Nyimbo za ujana wake mwimbie: yupo mama wa mwenzetu ambaye hajui majina ya watoto wake lakini kaswida anaimaliza bila kukosea. Haya hayana gharama, na yangeweza kuwekwa kwenye karatasi moja tukapewa mlangoni mwa kliniki. Hatujapewa.

Dawa za kuponya demensia bado hazipo. Zilizopo zinasaidia baadhi ya dalili kwa muda, na zile mpya zinazopunguza kasi, kama lecanemab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, zinataka vipimo na fedha ambazo sisi hatuna. Tusidanganyane. Lakini mwaka 2024 jopo la jarida la tiba la The Lancet lilieleza kwamba karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wangeweza kuepuka au kuchelewesha ugonjwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa katika maisha yao, na mengi yake tunayajua: presha, sukari, masikio yasiyosikia, macho yasiyoona vizuri, sigara, pombe, upweke, hewa chafu, kuumia kichwa, kukosa shule utotoni. Basi mzee anapoambiwa dawa ya presha imekwisha akanunue nje, na akakosa fedha ya kununua, anayekwenda kumuuguza baadaye ni sisi. Bodaboda asiyevaa kofia ngumu leo, atauguzwa na nani miaka 30 ijayo?

Sera ya Taifa ya Wazee imekuwepo tangu mwaka 2003. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee wa miaka 70 anapata pensheni ya jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alilima mhogo. Kenya kuna Inua Jamii inayompa mzee wa miaka 70 shilingi 2,000 za huko kila mwezi. Bara, bibi aliyelima pamba maisha yake yote hana hata senti ya pensheni. Anatutegemea sisi, na baadhi yetu tumekwisha kuacha kazi ili tumtunze.

Tunachotaka kinasemeka kwa pumzi moja. Wahudumu wa afya wa zahanati wafundishwe kuutambua ugonjwa huu na kutumia kile kipimo kilichotoka Hai. Mtunzaji akae kwenye kiti ndani ya chumba cha daktari na aulizwe. Bima itambue nepi, godoro na dawa. Wazee wa Bara walipwe pensheni kama wenzao wa visiwani. Mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri kwenye mauziano ya mzee asiyejua leo ni lini. Wahubiri na maimamu watutangazie, siku moja tu katika mwaka, hata iwe Septemba 21 ambayo dunia imeitenga kwa ajili ya Alzheimer, kwamba kusahau huku ni ugonjwa na si uchawi.

Nawe kaka yetu unayepiga simu Jumapili, likizo yako ya mwaka huu usiende kwingine. Njoo ulale chumba kimoja na mama wiki mbili, umpeleke chooni saa nane za usiku, umjibu swali lilelile kila anapoliuliza. Dada yako anahitaji kulala.